Meno ya Bunduki za Sheikh Humud

Mwanangu Salha,

Alasiri hii uko chumba cha pili na shangazi zako, nakusikia unavyocheka, na kesho Mungu akijaalia utapanda meli kwenda Kuweti kwa mumeo. Ningeweza kuinuka nikaja kukwambia haya mdomo kwa mdomo. Nimejaribu. Juzi nilikuja mpaka mlangoni, nikakuuliza kama sanduku linafungika. Jana nikaja tena, nikakuuliza habari ya lile lile sanduku, ukanambia, "Baba, sanduku zima, hebu kaa unywe chai." Basi nimeona niandike.

Sitakwambia uweke wapi pasi yako, wala usile nini melini, wala umuamkie vipi mama mkwe wako. Mama yako keshakwambia yote hayo, na atayarudia kesho pale pwani ya Matrah mpaka mashua ifike mahali haimsikii tena. Mimi nna habari moja tu, ya bunduki za Sheikh Humud wa Amerat, kule bondeni. Najua utasema unaijua. Unaijua kwa upande wako: tende, yule mbuzi mweupe aliyekutafuna ncha ya mtandio, na wanawake wa kule waliokucheka Kiarabu chako kisha wakakupenda. Upande wangu na wa mama yako hujausikia.

Unakumbuka tulivyofika hapa Maskati. Kutoka Unguja sikuchukua kitu cha maana isipokuwa tupa zangu, jiriwa ndogo na bisibisi, nimezifunga ndani ya kanga ya mama yako. Kule nilikuwa fundi wa cherehani na saa, na bunduki za kale za watu wachache waliokuwa nazo kwa ruhusa ya serikali. Hapa hakuna aliyenijua. Watu walituita Wazinjibari, wengine kwa mapenzi, wengine kwa namna ile unayoijua. Kila nikifungua mdomo, Kiarabu changu kilikuwa kinatangulia kunishtaki. Mtu wa namna hiyo hakai nchini mpaka apatikane wa kumsemea, na aliyetusemea ni Sheikh Humud. Alikwenda na mimi kwa wali, ndiye liwali wa huku, akasema, "Hawa ni watu wetu, babu yao alitoka bonde moja na babu yangu. Wakiharibu, niulizeni mimi." Hakuwa amenijua hata mwezi.

Na Sheikh alikuwa mtu wa bunduki. Usimfikirie mtu wa vita, maskini, alikuwa hawezi hata kumchinja kuku mwenyewe. Alipenda bunduki kongwe kama watu wengine wanavyopenda farasi. Sabla yake, ile baraza ya wageni, ilikuwa na bunduki saba ukutani, zote za zamani za kutia risasi moja moja, na kila moja ilikuwa na karatasi yake kwa wali yenye jina lake na namba ya chuma. Ya babu yake ilikuwa katikati. Siku za Idi zilikuwa zikiteremshwa, wajukuu wakazipiga uwanjani kwa risasi za baruti tupu, na mzee akikaa juu ya mkeka anatabasamu kama mtoto.

Tabu ilikuwa kwamba bunduki zile zilikwisha kuzeeka ndani. Ndani ya kila moja mna jino dogo la chuma, si kubwa kuliko kucha yako, na kazi yake ni kuuzuia mtambo usipige mpaka kidole kivute. Meno yale yalikuwa yamelika. Viwanda vilivyotengeneza bunduki zile zamani sana viliacha kutoa spea zake. Lakini mwaka ule tajiri mmoja wa Matrah aliingiza kasha la spea zilizotengenezwa na karakana nyengine huko ng'ambo, watu ambao bunduki zile hawakuzitengeneza wao, wameziiga tu. Zilikuwa ndizo za mwanzo kufika hapa. Mwanangu, zilikuwa nzuri. Zinang'ara, zimefungwa moja moja kwenye gazeti, na magazeti yale ndiyo niliyokufundishia kusoma, ukawa unasoma matangazo ya sabuni kwa sauti kama khutuba.

Nikazitia meno mapya bunduki zote saba. Zikafanya kazi laini kama siagi. Sheikh akaniuliza, "Zitadumu?" Nami nikamjibu mbele ya wanawe wote, "Sheikh, hizi zitanizika mimi." Sikuwa nimezijaribu hata msimu mmoja. Nilimjibu hivyo kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza, tangu kuja hapa, watu wazima kunyamaza wakinisikiliza.

Ukiniuliza nimekosea nini maishani, Salha, makosa yangu mengi yamo katika namna ile ile. Sijapata kusema uwongo kwa kukusudia kudanganya. Nimesema mambo kabla hayajawa.

Miezi ikapita. Sheikh alikuwa akiniletea bunduki zake nizisafishe, mbili mbili, maana hewa ya huku ya chumvi haina huruma na chuma. Mama yako ndiye aliyekuwa akifua matambara ya mafuta, na matambara yale unajua alivyokuwa akiyachukia. Siku moja akaja pale nilipokaa, tambara mkononi, akanambia, "Baba Salha, kitu gani kinasagika humu?"

"Vumbi," nikasema. "Maskati yote vumbi."

"Vumbi halimetameti." Akasugua kidole gumba na cha shahada, akanionesha. Palikuwa na unga mwembamba, mweusi wenye nuru ndani yake.

Nikamwambia aniachie kazi yangu, na yeye ashike yake. Akaondoka. Hakununa, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu mama yako akinuna jambo limekwisha, lakini akinyamaza hivi hivi bado analishika. Zilipokuja bunduki mbili nyengine akafua tena, na safari hii hakuniuliza kitu. Usiku, baada ya kufuturu, alilitandaza lile tambara juu ya sinia jeupe, akaliweka mbele yangu pamoja na kahawa, akaenda zake jikoni.

Nilikunywa kahawa nikitazama. Kisha nikaichukua bunduki mojawapo, nikahakikisha ni tupu, nikautega mtambo, nikakigonga kitako chake sakafuni, pole pole tu, kama mtu anavyoiweka chini bunduki yake akiwa amechoka. Mtambo ukapiga. Kidole changu hakikuwa hata karibu.

Nikaifungua. Jino lile jipya lilikuwa limelika ncha yake, limekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Ndipo nilipoona walichokifanya watu wa karakana ile. Chuma chao kilikuwa kigumu juu juu tu, ganda jembamba kama la yai, na ndani laini. Ganda likiwa zima, jino linashika vizuri kuliko hata la asili. Likishakwisha, ndani panakwenda mbio. Sidhani walikusudia ubaya. Waliiga umbo la kitu wasichokijua kazi yake.

Nilimwita mama yako. Akaja, akalitazama jino, akatazama uso wangu. Aliuliza tu, "Idi lini?"

Idi ilikuwa karibu. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha nusu. Idi ikifika, wajukuu wa Sheikh wangeziteremsha zile bunduki, wavulana wamesimama bega kwa bega, na hata baruti tupu, mdomo wa bunduki ukiwa karibu na uso wa mtu ni moto.

Sasa nikwambie nilivyofikiri, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Sikufikiri kwanza habari ya wale watoto. Ningependa kukwambia kwamba nilifikiri wao, lakini la, nilifikiri karatasi yetu ya kukaa nchini, iliyoko kwa wali. Aliyeisimamia ni Sheikh. Nikimwendea nikamwambia bunduki za babu zake nimezitia meno mabovu, na nilimwambia yatanizika, akitaka kesho yake atakwenda kwa wali aseme mkono wake ameutoa. Tungekwenda wapi? Unguja hatuwezi kurudi. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeacha kulia usiku kwa ajili ya paka wako tuliyemwacha kule.

Basi nikatafuta njia ya pembeni. Nikamwambia mama yako, "Nitamwendea nimwambie naomba bunduki zote nizisafishe kwa ajili ya Idi. Nikishazipata nitazichelewesha. Idi itapita. Kisha nitatafuta meno mengine, hakuna atakayejua."

Akaniuliza, "Na kama atasema zimekwisha safishwa?"

"Ntatafuta la kusema."

"Na wale wengine wa bondeni walionunua meno hayo hayo kwa tajiri, wakajitilia wenyewe, wao utawasafishia nini?"

Nikalikunja lile tambara.

"Mwambie," akasema. "Tutakwenda sote. Tukifukuzwa, tufukuzwe pamoja."

Ndivyo ilivyokuwa ile safari yako ya mbuzi na tende. Tuliazima punda kwa jirani yetu, ukapanda wewe na kikapu na zile bunduki mbili nilizokuwa nazo, na sisi tukaenda kwa miguu kupitia bondeni, milima imetuzunguka, jua linapiga na sisi tumefunga. Uliimba njia nzima. Ulikuwa huna khabari, na mimi nilishukuru kwamba kuna mmoja kati yetu anayeimba.

Tulipofika nyinyi mlipokewa ndani kwa wanawake, na mimi nikaingia sabla. Sheikh alikuwa amekaa na wanawe, na yule mkubwa, Mundhir, amekaa kulia kwake. Nikasalimu, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu ya Kiarabu njia nzima, yote yakanitoka. Nikasema kama mtoto anavyosema: "Sheikh, yale meno niliyotia ni mabaya. Yanalika. Bunduki inaweza kupiga bila kuvutwa. Naomba zisipigwe Idi hii."

Sheikh akauliza, "Zote?"

"Niliyoifungua ni moja. Lakini meno yote ni ya kasha moja."

"Nani aliyeligundua hili?"

Hapo, mwanangu, nilipata nafasi ya kuokoa kitu kidogo cha heshima yangu, maana hakuna ambaye angenibisha. Lakini nilikumbuka lile tambara juu ya sinia. Nikasema, "Mke wangu. Aliniambia, sikumsikiliza. Alipoliona mara ya pili ndipo nilipofungua macho."

Mundhir akachekea puani. "Baba," akasema, "mtu huyu ameharibu bunduki za babu, na sasa amekuja anataka tumsifu kwa kusema kweli." Na sikuweza kumlaumu, kwa sababu alikuwa sawa.

Sheikh aliamrisha bunduki ziteremshwe zote, zitandazwe mkekani pamoja na mbili nilizokuja nazo, nizifungue pale pale mbele yao. Nikazifungua moja moja. Sheikh alikuwa ameinama karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake. Nyengine zilikuwa zimelika vibaya, nyengine kidogo, mbili bado ganda zima. Nilipofika kwenye ya babu yake, nikautega mtambo na kuigonga mkekani kwa kiganja tu. Ikapiga. Mjukuu mmoja aliyesimama mlangoni akaruka.

Mzee akaichukua ile bunduki, akailaza mapajani. Kisha akasema, na nayakumbuka maneno yake yote: "Neno langu kwa wali linabaki pale pale. Sikulitoa kwa ajili ya bunduki. Lakini hizi hutazigusa tena."

Nikasema, "Nimesikia, Sheikh."

Wakati wa kufuturu walitukirimu kama wageni wengine wowote. Tende zile unazozisifu mpaka leo ndizo hizo. Mimi sikuionja ladha yake.

Idi ile nyumba ya Sheikh Humud haikupiga bunduki. Watu wa bondeni walimcheka, wakasema mzee amekuwa bahili wa baruti. Alikuwa amekwisha watangazia wote wenye meno yale wasizipige zao, baadhi wakatii, baadhi wakamwona anawaharibia furaha. Hakumtaja fundi. Khabari hii niliipata baadaye kwa watu, si kwake. Kuna aliyepiga yake na haikumfanya kitu. Usidhani kwamba kila ukisema kweli dunia itakuletea ushahidi. Kuna watu Amerat mpaka leo wanaamini walinyimwa Idi yao bure.

Kazi za bunduki zilipungua. Nilirudi kwenye cherehani na majiko ya mafuta. Nilikuwa mkali nyumbani siku zile, na wewe uliupata ule ukali bila kosa lako. Ile siku niliyokugombeza kwa sababu ya kumwaga maji, hukuwa umemwaga wewe, nilimwaga mimi. Nilijua nilipokuwa nakugombeza.

Lakini mama yako alikuwa anakwenda Amerat. Kila alipopata mtu wa kufuatana naye, anachukua kikapu cha vitumbua au mkate wa kumimina, anakwenda kumtazama mke wa Sheikh, Bi Thuraya. Nikamwambia, "Huoni haya?" Akanambia, "Haya ya nini? Sheikh kasema wewe usiguse bunduki. Hajasema mimi nisile wali na mkewe." Miaka miwili alikwenda hivyo. Sikujua wanazungumza nini. Nilidhani mapishi.

Kumbe na mapishi pia. Lakini siku moja akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mbele yangu. Ndani mlikuwa na meno matatu ya asili, yale ya kiwanda cha kale, meusi, yenye uzee wao, na ncha zake kali kabisa. Bi Thuraya alikuwa amewauliza wanawake wa ukoo wao, nyumba kwa nyumba, kama kuna bunduki iliyopasuka mtutu au kuoza kitako, isiyofaa tena, na wanawake ndio wanaojua kilichotupwa katika ghala za nyumba zao. Waume wakatoa. Mama yako akanambia, "Mimi sikumwomba. Nilimwambia tu kwamba hulali."

Wiki ile ile akaja Mundhir. Yeye mwenyewe, na bunduki ya babu yake imefungwa kwenye shuka, na karatasi yake ya wali mkononi. Hakuingia mpaka ndani. Akasema, "Baba anasema hii moja tu. Na anasema uifanye mbele ya macho yangu."

Nikamwambia, "Kaa."

Akakaa kizingitini. Nilifanya pole pole. Nilipomaliza nilimwambia aigonge mwenyewe kitako chake chini. Akaigonga, tena kwa nguvu, kama anayetaka ipige. Haikupiga. Akaigonga tena. Kisha akaniuliza kitu kwa mara ya kwanza bila kejeli: "Hili litadumu?"

Nikamwambia, "Sijui. Niletee kila mwaka nilitazame."

Akanitazama sana. Nadhani alikuwa anangojea nimalize, niseme neno jengine kubwa. Sikuwa nalo. Akaifunga bunduki yake akaenda. Mwaka uliofuata akaileta, pamoja na ya pili. Zilizobaki hazijaja, na mzee sasa ni mgonjwa, na huenda zisije kamwe. Nimelikubali hilo.

Salha, mumeo ni kijana mwema. Nimemtazama namna anavyosikiliza watu wakizungumza, hakatizi. Lakini atakuwa anakosea, na wewe utakuwa unakosea, na mtakuwa mbali na sisi. Siku utakapoona kitu kinasagika nyumbani mwako, mwoneshe. Asipotazama, mwoneshe tena. Na siku atakapokuonesha yeye, na itafika, wewe una ubishi wangu, nakuomba usimjibu "vumbi". Zaidi ya hapo sijui la kukushauri. Katika ndoa yangu nimefaulu kwa bahati ya niliyemwoa.

Nilikuwa nimekwisha kuandika, nataka kutia jina langu, mama yako akaingia kuchukua taa. Akaniuliza naandika nini. Nikamsomea yote, kuanzia sanduku. Alisimama na taa mkononi mpaka mwisho. Nikangojea anisahihishe habari ya mbuzi, maana yeye anasema hakuwa mweupe.

Akasema, "Umemfanya mama yake jabali."

Nikamwambia, "Ndivyo nilivyokuona."

"Siku ile bondeni," akasema, "nilipokwambia natengeneza kiatu nikabaki nyuma ya lile jiwe, nilikuwa natapika. Kwa hofu. Tumbo tupu, nimefunga, natapika maji. Nilifikiri tunakwenda kufukuzwa, na mimi ndiye niliyesema twende."

Miaka yote hii sikujua. Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema, "Wewe ulikuwa unaogopa vya kututosha sote."

Kisha alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Mwandikie hilo. Mwandikie kwamba niliogopa. Asije siku moja akaogopa huko ugenini, akadhani hakuzaliwa na mimi."

Basi nimekuandikia.

Baba yako akupendaye,
Nassor